Mkono wa Konokono

Bukoto, Kampala
Tarehe 11 Agosti 2009

Dada yangu Nafuna,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo, wewe huko na mimi huku. Hujambo dada? Mguu unaendeleaje, ule wa kushoto? Uliniambia unauma ukipanda kile kilima cha kutoka kisimani. Basi usikipande, watume watoto, maji ni kazi yao. Msalimie shemeji Makokha, mwambie koti lake liko tayari. Nimeliongeza inchi mbili kiunoni bila kumuuliza, maana kwenye picha ya Pasaka nilimwona amekubaliana na ugali. Msalimie mama yetu. Mshike mikono yote miwili kwa niaba yangu, kisha umuulize kama dawa ya presha anakunywa mwenyewe au bado anawapa kuku. Msalimie Khisa na mkewe. Msalimie Nelima na yule mtoto wake ambaye sijamwona, naambiwa ana masikio ya marehemu baba, maskini, atayazoea. Msalimie na ng'ombe wetu mwekundu kama bado yuko. Kama hayuko, usiniambie upesi, niambie kwa barua nyingine.

Sisi huku tuko wazima kwa neema. Shemeji yako Masinde bado analinda lango la godauni kule Bugolobi, kikohozi kimemwacha tangu aache kulala karibu na dirisha. Wadogo wawili wako shuleni. Binti yetu Whitney yuko vizuri, anang'aa, na habari yake ndiyo unayoijua: watu wa kijana wanakuja hapa Jumapili tarehe thelathini mwezi huu kujitambulisha, na wewe ndiwe dada mkubwa, lazima uwepo uketi mbele.

Sasa dada, utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu ya shemeji naiogopa. Yeye akiipokea anaiweka kwa spika, na kijiji chote kinajua nimekula nini. Neno hili si la spika. Kama Khisa ndiye anayekusomea barua hii, aishie hapa, ampe Nelima. Khisa, nakujua, mpe Nelima.

Nianze na kijana mwenyewe ili uelewe yatakayofuata. Anaitwa Tarcisio Ogwang, ni fundi wa umeme, mtu wa kaskazini. Baba yake alikuwa polisi, sasa amestaafu, na kijana amekulia kwenye kambi ya polisi, ndiyo maana Kiswahili chake ni kile cha kambini. Mama yake aliitwa Adyero, alikufa zamani, vita vikiwa huko kwao, kijana akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Whitney alimfundisha desturi yetu mapema: kwamba mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakaribiani. Dada, huyo kijana ameishika hiyo desturi kuliko waliozaliwa nayo. Siku moja alikuja kumchukua Whitney, mimi nikakimbilia jikoni, yeye akabaki nje ya geti. Kisha nikamsikia ananisalimia kupitia ukuta. Aliuuliza ukuta umelalaje, akauuliza kazi inaendaje, akaushukuru kwa kumzaa Whitney. Nilicheka mpaka nikajifunika aproni mdomoni. Uso wake nilikuwa nimeuona kwenye picha tu, naye wangu hajauona kabisa. Ila shati lake nalijua. Whitney aliniomba nimshonee, shati la buluu, na kola yake niliipiga mishono miwili, wa nje na wa ndani, vile alivyotufundisha yule mama wa misheni. Hapa Bukoto hakuna fundi mwingine anayepiga kola hivyo.

Sasa lile jambo lenyewe. Mwezi wa sita alikuja hapa kibandani kwangu Bi Kaltumi. Huyu ni mama Mnubi ambaye namshonea mapazia na nguo za Idi miaka mingi. Yeye yuko kwenye kamati moja ya watu wa mji, inayotaka watu wa Kampala wawe na adabu hadharani: wapange laini, wasisukumane, wasalimiane kabla ya kugombana, wawaachie wazee viti. Akaniambia kamati imeona mabango hayatoshi, kwa sababu watu wanayaegemea tu wakisukumana. Wanataka mnyama wa nguo, mkubwa, mtu aingie ndani, atembee kwenye watu akiwasalimia na kuwapanga. Akaniuliza kama naweza kushona kitu kama hicho. Mimi nimeshona yunifomu, nimeshona magauni ya gomesi, nimeshona hata kifuniko cha kinanda cha kanisa. Nikasema naweza, kisha sikulala siku mbili kwa hofu.

Lakini mnyama gani? Bi Kaltumi alinisimulia kikao chao huku akijipepea na kipande cha kitambaa changu. Mmoja alisema korongo wa taji, ndege wa bendera. Mzee mmoja Muganda akasimama akasema huyo ni wa ukoo wake, haliwi wala hachezewi, na hatakubali kumwona amevaliwa na mtu anayetoka jasho. Wakasema tumbili, mwenyekiti mwenyewe akakohoa: ni wa ukoo wa mama yake. Tembo ana wenyewe. Simba ana wenyewe. Samaki kambare mamba ana wenyewe, na hao ni wengi kuliko wote. Wakajaribu panzi senene, bibi mmoja wa pembeni akakusanya mkoba wake aondoke. Hata panya, dada, hata panya ana ukoo wake na watu wake wa kumtetea. Mbwa Bi Kaltumi mwenyewe alimkataa. Mtu akataja kaloli, yule ndege mkubwa wa upara anayesimama kwenye takataka, wakacheka wote wakasema huyo ndiye anayehitaji kampeni.

Walikaa saa tatu. Mwisho mwandishi wa kikao, mwanamke wa Kyebando anayeitwa Atim, akasema nyumbani kwake mboga zinaliwa na konokono na hajawahi kumsikia mtu akimdai kuwa wake. Wakatazamana kila mmoja akingoja mwenzake adai. Hakuna. Na tena, akasema Atim, konokono hasukumi mtu. Ikapita. Wakampa jina Mpola, ndiyo pole pole kwa Kiganda.

Basi nikaanza. Nikauliza konokono atasalimiaje watu bila mikono, wakaniambia nimpe mikono. Nikampa miwili, glovu za kitambaa kizito kama za kutolea sufuria jikoni. Gamba lilinishinda wiki nzima. Nilijaribu waya, likawa kama kizimba cha kuku. Halafu asubuhi moja napika chapati, nikakunja ule unga kama kamba, nikauzungusha kabla ya kuusukuma, nikasimama nikautazama. Nikaacha chapati pale pale. Nikachukua godoro la sponji la zamani, nikalikata refu, nikalizungusha vile vile, nikalivika kitambaa cha kahawia chenye mistari. Dada, likawa gamba! Masinde alirudi akakuta hakuna chapati na godoro la wageni halipo, akaniuliza kama tumeibiwa. Macho nikayaweka juu ya fimbo mbili za mwavuli, yanatikisika ukitembea. Na pale shingoni nikaweka neti nyeusi ili aliye ndani aone nje bila kuonekana. Watoto wa jirani walipomwona amening'inia kibandani walianza kumwamkia.

Kosa langu ni moja, na ni la kazi. Niliuliza atakayevaa ana urefu gani, wakaniambia ni mtu wa kawaida. Wewe unajua mimi nikikosa kipimo hufanyaje: najipima mwenyewe. Tangu ujana mwili wangu ndio futi yangu. Kumbe waliyemchagua ni Ogwal, polisi wa bendi, mtu wa kuchekesha, lakini Mungu alipomuumba alisahau kuacha. Siku ya kwanza, Jumamosi tarehe moja mwezi huu, hapa Bukoto kwenye uwanja karibu na soko, wageni wameketi, spika zinalia, Ogwal akaingia ndani ya Mpola nyuma ya hema. Nguo ikamwishia magotini. Chini yakabaki miguu mirefu na buti nyeusi za polisi. Alikuwa konokono aliyepanda mbuni. Akajaribu kuinama, gamba likampanda kichwani. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akaketi chini, akasema hawezi kwenda kuwafundisha watu adabu akiwa nusu uchi.

Bi Kaltumi akanitazama. Nikajua anafikiria nini, nikaanza kukusanya sindano zangu. Nikamwambia mimi ni mama wa msichana anayeposwa, siwezi kwenda kucheza mbele ya watu. Akaniambia ndani ya konokono hakuna mama wa mtu, kuna konokono. Na Mpola haruhusiwi kusema, ndiyo sheria yake, kwa hiyo hata sauti yangu hakuna atakayeijua. Nikamwapisha asimwambie yeyote, hata Masinde. Akaapa. Nikaingia. Ilinikaa kama ngozi yangu.

Sasa dada nikuambie ukweli, nilifurahi. Mimi ambaye kanisani naketi safu ya nyuma! Nilitembea pole pole, macho yanatikisika juu, watu wakaanza kucheka na kupisha njia. Nilimshika mkono mzee mmoja nikampeleka kwenye kiti, aliyekuwa ameketi akanyanyuka mwenyewe kwa aibu. Wanawake wawili wa sokoni waliokuwa wanatupiana maneno niliwaunganisha mikono, mmoja akamwambia mwenzake kwamba hata konokono amewachoka, wakaishia kucheka. Watoto walinifuata kama vifaranga. Joto lilikuwa la tanuri, jasho lilijaa viatuni, na sikutaka kutoka.

Halafu wakatangaza fulana za bure, zimeandikwa maneno ya adabu mbele na nyuma. Dada, adabu yenyewe ikaisha hapo. Watu walisukumana kupata fulana za kuwaambia wasisukumane. Nikaingia katikati kupanga laini. Kijana mmoja alikuwa amepenya kutoka nyuma, ameinua mkono juu anaomba saizi kubwa. Nikamshika mkono, nikamtoa, nikamtembeza mbele ya watu wote hadi mwisho wa laini, wanashangilia. Naye akakubali bila ukali, anacheka, ananiomba msamaha, anasema alitaka moja tu ya kumpelekea baba mkwe wake mtarajiwa, mtu mnene. Ndipo nilipotazama vizuri kupitia neti nikaona kola. Buluu. Mishono miwili.

Nilimwachia mkono kama mtu aliyeshika jiko. Nikarudi hemani, nikawaambia joto limenizidi, nikaketi kwenye sanduku la fulana. Bi Kaltumi alinimwagia maji akadhani nimezimia. Nilijiambia sikujua. Nilijiambia hivyo wiki nzima. Usiku nikimtazama Masinde amevaa ile fulana (kijana aliipata, akamtuma Whitney ailete, na imembana), nilikuwa nageukia ukutani.

Nilitaka kuacha. Lakini hakuna mwingine anayeingia ndani ya Mpola, na kamati ilikuwa imekwisha kutangaza Bugolobi, Jumamosi iliyopita tarehe nane. Masinde anajua nakwenda kurekebisha nguo ikichanika. Nikasema Bugolobi ni mbali, huyo kijana hatafika.

Alifika. Nilimwona kupitia neti amesimama mwisho kabisa wa laini ya watu waliotaka kumsalimia Mpola, wengi wao watoto. Hakusukuma. Alikuwa amevaa shati lile lile. Kila nilipomaliza mtoto mmoja nilitazama, amesogea hatua moja. Ningeweza kukimbia, dada. Ningeweza kujishika kichwa kama mtu wa joto, Bi Kaltumi angekuja na maji yake. Nilibaki nimesimama. Alipofika mbele yangu alivua kofia, akasema taratibu, watu wasisikie. Naandika maneno yake kama alivyosema:

"Mpola, mimi nataka kuoa. Mama ya msichana, mkono yake siwezi shika mpaka nife, ndiyo sheria yao, na mimi naheshimu. Ya kwangu ilikufa mimi bado mdogo, hata sijui mkono yake ilikuwa namna gani. Sasa wewe hauna kabila. Nisalimie wewe, kama vile yeye angenisalimia."

Dada Nafuna, hapa ndipo ninapokuungamia. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua.

Nilimshika mikono yote miwili. Kisha nikamvuta nikamkumbatia, nikampiga mgongoni mara tatu pole pole, vile mama yetu alivyokuwa akitupiga tukitoka shuleni. Yeye ni mrefu, akaniinamia mpaka jicho moja la Mpola likapinda. Alikaa hapo kama mtoto. Alipoinuka alikuwa anacheka na kujifuta uso, akasema asante mama, halafu akajisahihisha haraka akasema asante Mpola, akaenda zake. Sijui kama alijua. Nadhani hakujua. Siku nyingine nadhani alijua.

Sasa unieleze, wewe uliyekaa na wazee. Unakumbuka mama Khayanga alivyoteleza kwenye matope akadakwa na mkwe wake, kesi ikachukua miezi miwili na watu wakausingizia mwiko huo kila mtoto wa yule binti alipokohoa? Mimi naogopa hayo yasimpate Whitney. Ndoa yake isianze na mwiko uliovunjwa na mama yake mwenyewe, tena kwa furaha. Lakini nimefikiria pia hivi, uniambie kama najidanganya. Ngozi yangu haikugusa ngozi yake. Kulikuwa na glovu, kulikuwa na kitambaa kizito, kulikuwa na sponji ya godoro zima kati yetu. Uso hakuuona, sauti hakuisikia. Na wazee wa hapa walikaa saa tatu wakathibitisha kwamba konokono si wa ukoo wowote. Basi mwiko ukivunjika, umevunjwa na nani?

Ukisema fidia ni mbuzi, nitatafuta mbuzi. Ukisema ni blanketi la kubadilishana kama walivyofanya kwa shangazi, nitashona blanketi mwenyewe. Ukisema nikamwambie Masinde, nitamwambia, ingawa ataniuliza kwanza kuhusu godoro. Ukisema nikae kimya mpaka mjukuu azaliwe, nitakaa kimya, mimi sasa nimezoea kutosema. Tarehe thelathini nitabaki jikoni kama inavyotakiwa, naye atausalimu ukuta, na nitaushukuru ukuta. Lakini usiniulize kama najuta, dada. Hilo peke yake usiniulize, maana sitaki kukudanganya kwa maandishi.

Barua hii anakuletea Akech, yule mama anayeuza dagaa wa omena, unamjua kwa sauti. Kesho alfajiri anavuka mpaka kuja huko, na atarudi Ijumaa jioni. Nimempa pia koti la shemeji na kitambaa cha mama. Salamu tena kwa wote niliowataja, na kwa niliyemsahau, ajihesabu wa kwanza. Funga mguu vizuri ukipanda basi la kuja huku, na uje na yule kuku wa kienyeji uliyeahidi, akiwa hai.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Naliaka, Mama Whitney

Dada, Jumamosi hii Mpola anakwenda Kyebando. Whitney ananiambia kijana wake Ogwang amemwomba ruhusa bosi wake ili aende huko, na hataki kusema kwa nini. Kwa hiyo usingoje mpaka uje. Ukimaliza kusomewa tu, chukua karatasi, hata nyuma ya hii hii, uandike neno moja kama niingie tena ndani ya Mpola, ndiyo au hapana, umpe Akech mkononi kabla hajapanda gari la Ijumaa.